Pumzi ya Watu na Sauti ya Nafsi: Mazoea ya Kujidharau Wilayani Rungwe

Dodoso linalotumika katika kliniki nyingi duniani kupima sonona, ambalo limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Tanzania na Kenya, lina maswali tisa. Kwa kifupi huitwa PHQ-9. Mgonjwa huulizwa ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, amekosa usingizi, ameishiwa nguvu, amepoteza hamu ya chakula na kadhalika, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Maswali mengi hujibiwa upesi. Mkulima wa chai wa Katumba anajua kama jana alilala au hakulala. Swali la sita ndilo linalomfanya ainamishe kichwa. Linauliza iwapo amekuwa akijiona mtu mbaya, au mtu aliyeshindwa maisha, au mtu aliyejiangusha mwenyewe na kuiangusha familia yake. Hapo jibu huchelewa, na mara nyingi linapokuja haliwi alama bali maelezo: “Daktari, hilo si ugonjwa. Hilo ni kweli.”

Jibu hilo ndilo shabaha ya makala haya. Mtu mwenye homa hujua kwamba homa si yeye. Imempata, na anataka imtoke. Mtu aliyezoea kujidharau hana umbali huo. Dalili yake inazungumza kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwao, na inasema mambo anayoyaona yamethibitishwa siku nyingi. Ndiyo maana haji kliniki kulalamikia fikra hizo. Huja kwa maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka moto au usingizi uliopotea, na aghalabu huondoka na dawa za vidonda vya tumbo.

Yafaa kwanza kutenganisha mazoea haya na unyenyekevu, kwa sababu Rungwe ni mahali ambapo unyenyekevu unaheshimiwa sana. Msichana hufundishwa tangu utotoni kuinama anapowasalimu wazee. Anayejisifu hadharani hutazamwa kwa jicho la shaka. Wamisionari wa Kimoravian walifika na kuanzisha kituo chao Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo vizazi kadhaa vimekua vikisikia mahubiri ya toba. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini toba ina mlango wa kutokea: kosa hutajwa, msamaha huombwa, kilichoharibiwa hulipwa kadiri inavyowezekana, kisha mtu anarudi shambani kwake. Kujidharau hakuna mlango huo. Mtu hatubu kosa alilolitenda, anajutia kuwa yeye. Na kwa kuwa kosa halitajwi kwa jina, halilipiki.

Kuna jambo la kale la hapa hapa linaloweza kutusaidia kulielewa hili vizuri zaidi kuliko vitabu vingi vya saikolojia. Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Waliandika juu ya vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja, na juu ya thamani kubwa iliyowekwa katika ukwangala, yaani ile raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako. Kitabu cha Monica, *Good Company*, kilichotoka mwaka 1951, kilipewa jina kutokana na wazo hilo. Lakini waliandika pia juu ya upande wa pili wa ujirani. Mtu aliyevunja adabu, kwa mfano aliyewadharau wazazi au kuwanyima majirani chakula, alinung'unikiwa. Iliaminika kwamba manung'uniko hayo yana nguvu. Pumzi ya watu, *embepo sya bandu*, ilimfikia mkosaji kama ubaridi na kumtia homa au kumlemaza. Aliyeugua alijiuliza amemkosea nani. Na tiba yake haikuwa dawa peke yake: kosa lilitamkwa, majirani wakakirimiwa, na waliokuwa wamenung'unika wakasema maneno mema.

(Godfrey Wilson mwenyewe alisumbuliwa na sonona, na mwaka 1944 alijiua. Mkewe ndiye aliyekamilisha na kuchapisha sehemu kubwa ya kazi yao. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba usomi ni kinga.)

Sisemi kwamba mgonjwa wa leo anayeshuka kwenye bajaji mbele ya hospitali anaamini habari za pumzi ya watu. Wengi watakuambia wao ni Wakristo na mambo hayo ni ya mababu. Ninachosema ni kwamba umbo la fikra limebaki. Msikilize kwa makini mgonjwa wa sonona akisimulia ilivyoanza, utasikia maneno “watu wanasema” mara nyingi mno. Wanasema mimi mvivu. Wanasema nimemroga mume wangu. Wanasema sizai. Baada ya miezi au miaka, neno “wanasema” linadondoka na kubaki yaliyosemwa: mimi mvivu, mimi mchawi, mimi si mwanamke. Manung'uniko ya nje yamegeuka sauti ya ndani, na mwenyewe hakumbuki tena kwamba yalikuwa na msemaji. Wakati mwingine, niseme ukweli, msemaji hakuwahi kuwapo. Mgonjwa alimtunga kutokana na macho ya watu njiani.

Mahali ambapo jambo hili linaleta hasara kubwa zaidi mkoani kwetu ni katika matunzo ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 9 ya watu wazima mkoani Mbeya walikuwa na maambukizi, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini, pamoja na Njombe na Iringa. Dawa zipo na hutolewa bure. Anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na anaweza kuishi umri mrefu. Lakini dawa humezwa na mtu, na mtu anayejiona uchafu huificha chupa ya vidonge hadi mwenyewe akaisahau, hupanda gari kwenda kliniki ya wilaya nyingine ili asionekane, kisha siku nauli ikikosekana hakwenda kabisa. Tumezoea kuliita tatizo hilo unyanyapaa, tukiwafikiria majirani. Kujinyanyapaa, ambako hakuhitaji jirani, hakuzungumzwi vya kutosha.

Chukua mfano wa mama mmoja, niliyemuunda kutokana na wengi ili asitambulike yeyote. Ana miaka 38, ana shamba dogo la chai na migomba, na siku za soko huuza ndizi Tukuyu. Ameishi na virusi kwa miaka sita. Kipimo chake cha mwisho hakikuona virusi. Asubuhi moja amekaa na mikungu yake, wanawake wawili wanapita wakicheka. Kabla hajajua kilichotokea, moyo umeshaanza kumdunda na fikra imeshapita: wananicheka mimi, wanajua, mimi ni wa kuchekwa. Anakusanya mali yake saa nne asubuhi na kurudi nyumbani. Zile ndizi zinaiva na kuoza. Ada ya mtoto inachelewa. Jioni sauti inarudi na shtaka jipya: hata biashara imekushinda. Jumapili hataki kwenda kwaya, maana watamuuliza mbona hakuonekana sokoni. Wiki ya tatu wenzake wa kwaya, ambao hawajui lolote, wanaacha kumtumia ujumbe. Naye anasema, si mnaona? Wamenitenga.

Tuutazame mzunguko huu kwa makini, maana ndimo ilimo siri ya mazoea haya. Fikra ilikuja kwanza, bila ushahidi. Tendo likaifuata. Tendo likazaa hasara ya kweli, na hasara ya kweli ikawa ushahidi wa ile fikra. Ukimwambia mama huyu kwamba anajidanganya atakuona hujui maisha, kwa sababu ndizi zimeoza kweli na kwaya imenyamaza kweli.

Daktari wa akili Aaron Beck, aliyefanya kazi Philadelphia nchini Marekani na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, ndiye aliyetufundisha kuitazama ile sekunde ya kwanza. Katika miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wa sonona, chini ya yale waliyokuwa wakimsimulia, walikuwa na mkondo mwingine wa fikra fupi fupi, za haraka, zinazojitokeza zenyewe, ambazo hawakuwa wakizitaja kwa sababu hawakuziona kuwa ni fikra. Waliziona kuwa ndivyo mambo yalivyo. Tiba aliyoijenga inaanzia hapo: kuikamata fikra, kuipa maneno, na kuiuliza imetoka wapi.

Kabla ya kueleza namna ya kufanya hivyo, niseme juu ya ushauri ambao karibu kila mgonjwa huwa amekwisha kuupata kabla hajatufikia, yaani “usiwaze sana.” Unatolewa kwa upendo na unadhuru. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe. Dubu akawa anarudi kila mara, na baadaye, waliporuhusiwa, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa. Binamu wa ushauri huo ni kumtaka mgonjwa ajisifu: simama mbele ya kioo useme wewe ni shujaa. Mtu anayejiona si kitu akilazimishwa kusema yeye ni shujaa husikia uongo mdomoni mwake, na uongo huo unakuwa shtaka jingine. Hata kubishana na fikra peke yako usiku kucha hakufai. Wakulima wa hapa watanielewa nikisema kwamba mchai hauishi kwa kuchumwa. Ukichuma majani mawili na chipukizi, baada ya siku chache umechipua upya, na kadiri unavyochumwa ndivyo unavyozidi kuchipua. Fikra ya kujidharau inayojibiwa na fikra nyingine, kitandani, gizani, huchipua vivyo hivyo.

Kinachosaidia ni kuitoa nje. Mama yetu anaombwa aseme fikra yake kwa maneno yale yale yaliyopita kichwani, bila kuyapamba, na kama anaweza ayaandike kwenye daftari pamoja na siku na mahali. “Mimi ni wa kuchekwa.” Likishakaa kwenye karatasi, linaweza kuulizwa maswali kama shahidi barazani. Uliwasikia wakikutaja? Walikuwa wanatoka wapi? Umewahi kucheka ukipita mbele ya mtu usiyemfikiria kabisa? Nani alikuwa wa kwanza kukuambia neno hilo, na lini? Swali hili la mwisho mara nyingi ndilo lenye thamani kuliko yote, maana hulirudisha lile “wanasema” lililodondoka. Wengi hukumbuka jina: baba wa kambo, mwalimu wa darasa la tano, wifi. Maneno yanapopata mwenyewe, yanaacha kuwa ukweli wa ulimwengu mzima.

Kisha huja tendo, na kwa maoni yangu tendo lina uzito kuliko mazungumzo. Mama anakubali kwamba siku ya soko ijayo atakaa hadi saa sita mchana, atake asitake, na atahesabu watu waliomsalimu na wasiomsalimu. Tendo liwe dogo, liwe na siku yake na saa yake, na liwe ni jambo ambalo fikra imetabiri matokeo yake, ili utabiri upimwe. Anarudi kliniki na hesabu. Wengi walisema “Mugonile.” Mmoja alipita kimya. Na mazungumzo yote anataka yawe juu ya yule mmoja. Mtoa huduma asishangae wala asikasirike. Hayo ndiyo mazoea yenyewe yakijionyesha mchana kweupe, na kumwonyesha mgonjwa jambo hilo, kwa upole, hata kwa kucheka naye kidogo, ni hatua kubwa.

Naongeza tahadhari. Wako ambao kweli wananung'unikiwa, kweli wanachekwa. Kwao kuuliza “una ushahidi?” ni dhihaka. Swali lao ni jingine: kicheko cha fulani kina mamlaka gani ya kukupa jina? Wako pia ambao wanapigwa nyumbani na kuambiwa kila siku kwamba hawafai. Mama wa namna hiyo hana kasoro ya kufikiri. Ana mume anayempiga. Anahitaji usalama, jamaa wa kumpokea, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kabla ya daftari lolote. Tiba ya fikra isitumike kumzoesha mtu dhuluma.

Lugha yetu inatupa msaada mmoja ambao tunautumia kidogo mno. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata daraja sifuri husema “mimi ni sifuri,” na miaka mitano baadaye, akiendesha bodaboda na kuwalisha wadogo zake, bado anasema hivyo. Mwombe aseme upya kwa kitenzi: nilifanya mtihani, nikapata sifuri. Kitenzi kina wakati. Kilichotokea kilitokea siku fulani na kikaisha. Lile “ni” halina wakati. Taifa letu limefanya marekebisho ya aina hii tayari, tulipoacha kusema “waathirika” tukaanza kusema watu wanaoishi na virusi. Kinachobaki ni kuyafanya ndani ya kichwa cha mtu mmoja mmoja.

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba tiba hii ni ya watu wa mjini wenye wakati, na kwamba huku wilayani hatuna wataalamu. Jibu lipo karibu, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walipowauliza wanavijiji matatizo yao, walitajiwa hali iitwayo kwa Kiganda *okwekyawa*, yaani kujichukia, ambayo ililingana kwa sehemu kubwa na sonona ya vitabuni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, vijiji 30 vilihusika. Baadhi vilipata vikundi vya mazungumzo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, waliobaki na vigezo vya sonona kali walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vyenye vikundi, na asilimia 54.7 katika vijiji visivyo na vikundi. Dawa chache sana zina matokeo ya namna hiyo.

Rungwe haina haja ya kuanza vikundi kutoka sifuri. Kuna VICOBA, kwaya, jumuiya za makanisa, vyama vya wakulima wa chai na wa parachichi, vikundi vya wanaoishi na virusi. Kinachokosekana ni mtu mmoja ndani ya kila kikundi aliyefundishwa kusikiliza, na dakika chache za kikao ambazo hazihusu marejesho ya mkopo. Ukwangala ulikuwa taasisi kabla ya hospitali kuwapo, na mtu anayejidharau huwa wa kwanza kujitoa humo. Kumfuata nyumbani alipojificha, kwa salamu tu, ni tiba.

Kwa watoa huduma nina machache ya kiufundi. Neno la kwanza ni juu ya ndimi zetu. Katika baadhi ya vituo mgonjwa aliyekosa miadi huitwa “mtoro,” kwa sauti, mbele ya foleni. Huyo amekuja akiwa na sauti inayomwita hafai, na kituo kimeitilia muhuri. Aulizwe kilichomzuia, basi. Pili, fikra hizi zina wakati mwingine chanzo cha mwilini au zinazidishwa nacho: upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, pombe. Mgonjwa aliyebaki kwenye dawa yenye efavirenz aulizwe habari za ndoto mbaya na huzuni. Dolutegravir nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Alama 10 au zaidi kwenye dodoso zinataka uchunguzi kamili. Sonona ya wastani au kali inaweza kuhitaji fluoxetine au amitriptyline, na mgonjwa aelezwe mapema kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4 na kwamba asiache dawa ghafla akipata nafuu. Amitriptyline ikimezwa kwa wingi inaua. Mwenye mawazo ya kufa asipewe vidonge vya mwezi mzima, na ndugu yake ndiye atunze pakiti.

Swali la tisa la dodoso, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, huulizwa hata kama zamu ni ndefu na foleni imefika nje. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Aghalabu humpa nafuu ya kulisema. Anayesema ndiyo haachwi peke yake, hata kwenda chooni, na hupelekwa siku hiyo hiyo Hospitali ya Wilaya Makandana au Igogwe, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu. Sumu za shambani ziondolewe nyumbani kabla hajarudi.

Nawe mgonjwa unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, ukisubiri kuitwa kwa ajili ya kichwa au tumbo: ukiingia, baada ya kueleza maumivu, ongeza sentensi moja, “Na wiki hizi najiona si kitu.” Si lazima ujue jina la ugonjwa. Kama hali hiyo imedumu zaidi ya wiki mbili, itaje hata usipoulizwa, na ukiweza njoo na mtu unayemwamini pamoja na dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba. Siku ya kurudi, njoo na daftari.